Pumzi Imehama Njia

Kombewa,
3 Februari 2025

Mama Safa,

Sikuulizi habari za nyumbani, kwa sababu na wewe utaniuliza zangu, nami nitakujibu ukweli, na ukweli wangu haufai kusomwa na mtu aliyetoka kula.

Hii ni wiki ya sita tangu nitoke hospitali. Niko kwa mama, kwenye chumba cha nyuma mlicholala ninyi wa bendi tulipomzika baba. Kila asubuhi nasafisha tundu la shingo. Unajua walichonifanyia: walitoa kisanduku chote cha sauti pamoja na saratani yake, wakanifungulia njia ya kupumulia hapa chini ya koo. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba makohozi nayo yatahamia huko. Nikikohoa, mdomo umetulia kama wa bibi harusi, na uchafu unaruka kutoka shingoni. Juzi uliruka ukaangukia sahani ya mgeni, mama mmoja wa kanisa. Alitabasamu. Akashika tonge lake la ugali nusu saa nzima, akiongea habari za Mungu, na tonge hakulila. Nilitamani alitupe tu anitukane.

Hewa haipiti puani siku hizi, kwa hiyo sinusi kitu. Mama alikwenda kwa dada yake akasahau samaki mezani, nikakaa nao siku mbili mpaka jirani akaingia amejiziba pua. Funza walikuwa wanatembea. Siwezi kupuliza uji ukapoa. Siwezi kupiga mluzi. Miaka tisa nimesimama mbele ya Ngege Jazz, wewe nyuma yangu ukiitikia, na leo hata mbwa wa mama siwezi kumwita.

Sasa sababu ya barua. Binamu yangu Benta, yule anayeuza dagaa wa omena soko la Kibuye, alinunua maandazi yakafungwa kwa karatasi. Karatasi ilikuwa bango, na bango lilikuwa mimi. Nimelala wodini, mpira puani, shingo wazi, udenda umetoka upande mmoja wa mdomo mpaka kwenye mto. Chini wameandika: MUOKOE LORNAH. NGEGE JAZZ, JUMAMOSI, KONDELE. NJOONI MLIE NAYE.

Njooni mlie naye! Mafuta ya maandazi yalikuwa yamelowanisha jicho langu moja.

Najua ni Absalom. Mama aliniambia kiongozi wetu huyo alifika wodini Alhamisi nikiwa usingizini, akakaa dakika tano. Nimempa mama simu yangu aifungie kabatini. Sitaki kuandika kitu kwenye simu kikapigwa picha na kupelekwa kwenye vikundi. Karatasi ni afadhali. Benta atakuletea mkononi.

Nijibu mambo mawili. Wewe ulijua? Na ni nani anayeimba mbele?

Lornah Aloo,
Nyar Seme


Nyamasaria,
9 Februari 2025

Dada yangu Nyar Seme, binti wa Seme,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, Benta hata hajashusha ndoo yake. Pole sana. Neno lenyewe ni dogo lakini sina lingine.

Kuhusu bango, nililiona likiwa tayari limebandikwa kwenye nguzo za Kondele. Nilikwenda kwa Absalom nikamwambia si vizuri. Akanijibu, "Mama Safa, mtu hatoi kwa mgonjwa asiyemwona." Unamjua, ukibishana naye anachukua gitaa anaanza kulikaza nyuzi. Watu walikuja wengi usiku ule. Walilia kweli, dada, si kwa kuigiza.

Mbele haimbi mtu mmoja. Tunabadilishana tu, leo huyu kesho yule. Pengo lako halina wa kuliziba.

Nina wazo, usinikasirikie. Kwenye mazoezi Absalom alikuwa analeta nyimbo zisizo na miguu wala kichwa. Wewe unachukua kalamu, unakata hapa, unageuza pale, na tukifika jukwaani wimbo unasimama. Halafu jina linaandikwa lake. Sisi sote tulikuwa tunaona. Walichokutoa ni sauti, yale mengine bado unayo. Andika, uniletee mimi. Nitaimba vile utakavyoniagiza, hata pumzi nitavuta pale utakaposema.

Absalom anasema ingefaa wimbo wa kumshukuru Mungu kwa uponyaji. Mimi nimekufikishia tu.

Safa anakusalimia. Mama yangu anakuombea kila swala.

Nduguyo,
Zeituni


Kombewa,
2 Machi 2025

Mama Safa,

Mwambie Absalom amshukuru Mungu mwenyewe, yeye ana koo.

Nimechoka na watu wa shukrani. Alikuja mchungaji na wenzake wanne. Akaweka kiganja juu ya kitambaa changu, hapa hapa kwenye tundu, akafumba macho akaanza kukemea. Mama Safa, alikuwa ameniziba pumzi! Nampiga mkono, yeye anadhani ni pepo linalopigana. Mama ndiye aliyemsukuma. Mchungaji akajipangusa makohozi yangu kwenye suruali, mbele yangu, kama mtu aliyeshika kinyesi cha kuku. Wakanywa chai wakaenda.

Baada ya hapo nilikasirika mpaka nikaandika. Ninapiga mdundo kwa kijiko kwenye karai, na mama anaimba. Unajua mama yangu Maximilla anavyoimba. Kwaya ya Kombewa ilimweka nyuma karibu na mlango. Lakini hana aibu, na akikosea nampiga paja kwa kijiko anarudia. Tumekesha mchana, kama kuna kitu kama hicho. Jirani anadhani tumerukwa na akili sote wawili.

Haya ndiyo maneno:

*Uji wa moto, nipulizieni,*
*pumzi yangu imehama njia.*
*Sijaomba dua, sijaomba pesa,*
*shikeni kijiko, acheni kulia.*

Beti nyingine tatu ziko ukurasa wa pili. Sikiliza. Mstari wa kwanza uuimbe kama mtu mwenye njaa anayemwita mtoto jikoni, kwa amri. Ukifika "pumzi yangu" usivute hewa, endelea hivyo hivyo mpaka "njia", watu waone unakaribia kukatika. Na usilie. Ukilia umeniharibia. Najua sauti yako inapenda kuteleza kwenye huzuni kama mguu kwenye matope. Ikanyage kwa kisigino.

Wimbo huu si wa Absalom. Atangaze jina langu au asiuguse.

Lornah


Nyamasaria,
24 Machi 2025

Nyar Seme,

Tumeuimba! Jumamosi, Sondu, siku ya soko. Nilivaa ule mtandio wa kijani ulioninunulia. Ubeti wa kwanza watu waliendelea kununua mahindi yao. Wa pili wakageuka. Wa tatu kulikuwa na mama mmoja aliyesimama na kuku mkononi, kuku anapiga mabawa, yeye hana habari. Tuliurudia mara tatu. Sikulia, dada. Pale "pumzi yangu" niliona nyota lakini sikuvuta hewa.

Jina lako lilitangazwa. Kuna mengi ya kusimulia ila Benta ananisubiri. Niandikie mwingine haraka.

Zeituni


Kombewa,
6 Aprili 2025

Zeituni,

Leo nitakusimulia mimi, kwa kuwa wewe ulikuwa na haraka.

Jumatano nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua kunde. Nikasikia nduru langoni, ule ukelele wa msiba, wanawake wengi kwa mpigo. Mama alikuwa shambani. Aliposikia wanalia "Lornah wetu! Lornah mtoto wa watu!" alidhani nimeanguka nikafa hapo nyuma, akatupa jembe, akaja mbio akilia kuliko wao. Nami nikadhani mama ndiye aliyepatwa. Nikazunguka nyumba na karai la kunde mkononi.

Walikuwa wanawake wanane wa chama kimoja cha Sondu. Wamebeba sukari, majani ya chai, na mmoja shuka jeupe jipya. Waliponiona, mmoja aliruka ua wa michongoma akaacha leso yake kwenye miiba. Mwingine aliketi chini akajikojolea, niliuona mchirizi ukitoka kwenye sketi. Nami siwezi kupaza sauti niseme niko hai! Nilipiga karai. Nilipiga karai kama mwendawazimu, kunde zinamwagika, nakohoa, shingo inarusha, na kila nilivyozidi ndivyo walivyozidi kulitaja jina la Yesu.

Walipotulia, mkubwa wao, Mama Masinde, alimweleza mama. Kwamba Absalom alishika kipaza sauti akasema: "Mtunzi wa wimbo huu, Lornah Aloo, hatunaye tena. Tusimame kidogo kwa heshima yake." Na soko zima likasimama. Na mwimbaji wa mbele, "yule mwenye mtandio wa kijani, ndiye huimba siku zote," naye aliinamisha kichwa.

Umeinamisha kichwa, Zeituni. Ulinizika ukiwa umevaa nguo niliyokununulia.

Unajua kilichonitapisha zaidi? Baada ya chai, mama akawaimbia wimbo wote na mmoja akamrekodi. Halafu wakataka kupiga picha na mimi. Mmoja alinisogelea akanong'ona, "Fungua kitambaa kidogo, watu waamini." Wana sukari ya matanga yangu mkononi na wanataka nifungue.

Shuka wameliacha. Mama amelikunja akaliweka juu ya kabati. Nimelitoa nikalikata vitambaa vya kufutia shingo.

Lornah


Kisumu,
15 Aprili 2025

Kwa Nyamera, dada yangu Lornah,

Salamu katika jina la Bwana. Nimesikia kwamba kuna maneno. Ndugu yako nimeumia. Mimi nilisema hatunaye tena, yaani jukwaani. Watu wa Sondu walielewa walivyoelewa, na mtu mzima haendi kumsahihisha anayelia.

Tuzungumze kama wasanii. Watu wa siku hizi hawanunui wimbo, wananunua kilio. Wewe una kilio ambacho hakuna bendi yoyote ya ziwa hili iliyonacho. Nimefikiria hivi: uje tukuketishe kwenye kiti, nguo nyeupe, taa moja. Huna haja ya kufanya kitu. Ukae tu, na kwenye ubeti wa mwisho ufungue kitambaa polepole. Hakuna atakayebaki na macho makavu.

Na hiyo picha unayonisingizia, sikupiga mimi. Alhamisi ile nilikuta muuguzi amekufunika shuka mpaka kidevuni. Kabla ya kunichafulia jina muulize mwenzako Mama Safa, aliyenitumia Ijumaa.

Ni mimi kaka yako katika kazi,
Absalom Ooko
Kiongozi, Ngege Jazz


Kombewa,
17 Aprili 2025

Zeituni,

Ni wewe?

L.


Nyamasaria,
21 Aprili 2025

Lornah,

Ni mimi.

Siku nne nimekaa nikitafuta namna ya kuliandika hilo neno liwe refu, nikashindwa. Sasa nitasema yote, na usome ukiwa umeketi.

Absalom aliniambia nikuletee machungwa na nikupige picha. Alisema, "Ukimwomba atakataa, kwa hiyo usimwombe." Halafu akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba mtu wa mbele lazima apatikane na mimi ndiye ninayejua nyimbo zote. Hakusema ukifanya hili nitakupa lile. Hakuwa na haja.

Nilikukuta umelala. Udenda ulikuwa umetoka mpaka kwenye mto. Kitambaa nilikuwa nacho mkononi, Lornah, nilikuwa nimekwisha kukilowesha maji. Nikafikiri, nikimfuta kwanza picha haitakuwa na nguvu. Hilo ndilo nililolifikiri, kwa maneno hayo hayo. Nilipiga kwanza, nikakufuta baadaye. Ulifumbua macho nikikufuta, ukanibonyeza mkono kunishukuru.

Wiki hiyo hiyo nikaanza kuimba mbele. Hakuna kubadilishana, nilikudanganya. Miaka tisa nilikuwa nimeutazama mgongo wako, na kuna siku niliuchukia. Ulipougua nililia sana. Na ndani ya kilio hicho kulikuwa na kitu kidogo kilichokuwa kinashangilia. Nilikisikia. Nikijitazama kwenye kioo sasa najiona kama ile nyama ya duka yenye rangi nzuri juu, ukiigeuza ina funza na harufu.

Pale Sondu niliinamisha kichwa kwa sababu nilijua nikikiinua nitasema.

Bendi nimeiacha. Sikuambii ili unihurumie. Nafanya kazi kwenye duka la mjomba Bakari, nauza vitambaa. Siimbi hata nikiosha vyombo.

Sikuombi msamaha. Nikiomba nitakuwa nakutaka unifanyie kazi nyingine tena.

Zeituni


Kombewa,
30 Agosti 2025

Zeituni,

Hii ni barua ya kazi.

Ule wimbo wa mama uliorekodiwa na wale wanawake umezunguka. Mwezi wa sita alikuja mtu na pikipiki, Shitanda, mwenye studio ndogo Nyalenda. Akauliza kijijini, "Namtafuta mama anayeimba vibaya maneno mazuri." Mama alikasirika siku mbili. Shitanda alipojua mtunzi ni mimi, aliketi chini kwenye gogo akanipa daftari, akangoja nijibu kila swali kwa kuandika. Nilikohoa, kohozi likaruka mpaka kwenye kiatu chake. Alitazama kiatu, akasema, "Huo mstari wa pili umeupataje?" Sijawahi kumpenda mtu haraka hivyo.

Nimekwisha kuandikia waimbaji wake wawili nyimbo tano. Jina langu liko juu ya kila moja. Sifurahi, usidhani. Mmoja anaimba kama anayeuza sabuni. Mwingine anapamba kila neno mpaka nasikia kichefuchefu. Lakini asubuhi naamka nikiwa na la kufanya kabla ya kufika kwenye kioo.

Sasa nimeandika wa sita. Nimewapa wote wawili, wameushindwa. Sababu ninaijua na inanichukiza: niliuandika kwa sauti yako. Wimbo wote nilikuwa nakusikia wewe, ile sehemu ya chini inayokwaruza kama umeamka sasa hivi. Nilijaribu kusikia mtu mwingine. Nilijaribu wiki mbili. Ni kama kukuta unywele wa mtu kwenye ugali wako, unautoa, unakuta mwingine.

Anayesema kwenye wimbo ni mtu aliyepiga picha. Kiitikio chake ni hiki:

*Kitambaa nilikuwa nacho, maji nilikuwa nayo,*
*nilipiga kwanza, nikafuta baadaye.*

Nimechukua maneno yako bila ruhusa. Nadhani tunaelewana.

Ukikubali, uje studio Jumanne ya tarehe 9, saa nne asubuhi. Usiniletee machungwa.

Lornah Aloo


Nyamasaria,
14 Septemba 2025

Lornah,

Hukuniambia neno zaidi ya kazi kwa saa tano, kwa hiyo naandika.

Nilifikiri ningekufa kabla ya kufika kwenye kiitikio. Mara ya kwanza nilikiimba vizuri mno, na ulipiga kile kioo cha studio kwa pete yako ukaandika ubaoni: UNAJIPENDEKEZA. Mara ya pili nikalia. Ukaandika: NANI AMEKUAMBIA ULIE? Baada ya hapo ukawa unaandika TENA tu. Nilihesabu kumi na nne. Shitanda alitaka tupumzike ukamkatalia kwa kichwa.

Mara ya mwisho nilikuwa nimechoka hata aibu imeniishia. Nikasema tu kama lilivyotokea. Na ulipotoa kitambaa shingoni ukakohoa, ukajisafisha mbele yangu, hukugeuka ukutani. Nilitaka kutazama chini. Sikutazama chini. Nilikuona vizuri, Lornah, kwa mara ya kwanza bila simu katikati yetu. Ilitisha, na ilikuwa shingo tu.

Sijui kama nimefanya vyema. Sijui kama baada ya hapo tumepatana. Ningependa kujua, lakini kama hutaki kusema, basi.

Zeituni


Kombewa,
22 Novemba 2025

Zeituni,

Umefanya vyema. Wimbo unachezwa redioni mchana, na mtangazaji analitamka jina langu kama la mtu anayepumua. Absalom amemtuma mtu kuulizia kama Ngege Jazz inaweza kuuimba. Nilimjibu kwa karatasi nyeupe isiyo na neno. Benta anasema aliigeuza pande zote mbili.

Watu wanakuja kwa mama kutafuta nyimbo. Wiki iliyopita alikuja dada mmoja kutoka Homa Bay, mzuri, kucha ndefu, anataka wimbo wa kumsifu mumewe. Akaketi mbali kidogo, kama wote, mkono karibu na pua. Nikamwandikia: niambie ukweli juu ya huyo mume. Akakasirika akaondoka. Jana amerudi. Alisimulia mpaka jioni, na alipomaliza alikuwa amekisogeza kiti chake mwenyewe mpaka magoti yetu yakagusana. Nikakohoa, hakuruka. Wimbo wake nimeumaliza leo asubuhi na mumewe hataupenda.

Umeuliza kama tumepatana. Hapana. Nikikuona bado naiona ile simu. Huenda nitaiona mpaka nife, safari hii kweli. Lakini nikiandika nakusikia wewe, na nimechoka kujifanya sisikii.

Nyuma ya karatasi hii kuna wimbo mwingine. Ni wa watu wawili waliokuwa wakiimba pamoja. Mstari wa mwisho sijauandika. Nimejaribu, na kila nikijaribu nakuwa mwema kuliko nilivyo, jambo linalonichefua. Uandike wewe.

Ukiwa mbaya nitaukata.

Lornah